Nilisema Upepo, Sikusema Pepo

Katika msiba mmoja huko Zegereni, kijana anayefanya kazi kwenye viwanda vya pale aliniinukia kwa heshima, akanipa kiti chake, akaniamkia shikamoo, kisha akawageukia wenzake na kusema, "Huyu ndiye yule mzee aliyeiomba Serikali ilete mganga wa kupunga pepo wa fulana." Niliitikia marahaba, maana salamu haikuwa na kosa. Chai niliyoletewa, hata hivyo, sikuimaliza.

Habari hiyo imesemwa vibaya katika misiba na harusi nyingi, kuanzia Msimbu hadi Mlandizi, na wengi wanaoisema hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Sikuita mganga. Sikuomba mganga. Sikupata kutamka, kwa mdomo wala kwa redio, kwamba mali ya umma imeingiwa na shetani. Nilikuwa Ofisa Vifaa wa idara ya maji katika Wilaya ya Kisarawe, na neno nililotamka lilianza na herufi u. Herufi hiyo ilipotea hewani kati ya Kisarawe na Kibaha, na mimi ndiye niliyeilipia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita, wakati wa foleni, ambapo sukari, sabuni na petroli vilipatikana kwa kibali, na kibali chenyewe kilipatikana kwa kujuana. Wataalamu fulani wa ng'ambo walikuwa wamemaliza kazi ya kuchunguza mto Ruvu pale Mlandizi. Walipoondoka waliiachia ofisi ya mkoa Kibaha vifaa vyao vya kuzamia: mitungi miwili ya hewa, miwani, viatu vya mpira vilivyopanuka kama miguu ya bata, mkanda wa risasi wa kumtia mtu uzito, na fulana ya kuelea. Kitabu cha maelekezo kilikuwapo pia, lakini kiliandikwa kwa lugha ya nchi moja ya baridi, yenye herufi zilizowekewa vidoadoa juu kana kwamba nzi wamezipitia.

Hiyo fulana haikuwa fulana ya kuvaa ndani ya shati, ingawa mhasibu wa mkoa, kwa kulisoma jina tu, aliwahi kuuliza iwapo imebaki nyingine ya saizi yake. Ilikuwa koti zito lisilo na mikono, lenye mfuko wa mpira ndani yake. Mpira mwembamba uliuunganisha mfuko huo na mtungi wa mgongoni. Mzamaji alipobonyeza kitufe kimoja kifuani, upepo uliingia naye akapanda juu. Alipovuta kamba ya valvu iliyokuwa begani, upepo ulitoka naye akashuka. Akipima vizuri, hapandi wala hashuki, bali hubaki katikati ya maji kama samaki aliyelala. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ni jambo rahisi, na nililielewa siku ya kwanza.

Vifaa hivyo vililetwa Kisarawe kwa sababu ya lambo la Msimbu. Kijiji kilikuwa na bomba lililovuta maji kutoka lambo hilo, na mdomo wa bomba ulikuwa chini kabisa, juu kidogo ya tope, umefungwa wavu wa chuma. Katika kiangazi cha mwaka ule bomba lilianza kukohoa, likatema matone, mwisho likanyamaza. Ilikuwa dhahiri kwamba mdomo umeziba. Akina mama walirudi kufukua visima vya mchanga mabondeni, kana kwamba Uhuru haujaja.

Hapa sina budi kueleza jambo la nyumbani, ingawa si desturi yangu kuchanganya nyumba na ofisi. Mke wangu ni mtu wa Msimbu. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa na mjukuu ndani, mwali, ambaye siku ya kumtoa ilikuwa imekwisha kutangazwa. Wageni walikuwa wamealikwa hadi Marui. Mchele ulipatikana, Mungu anajua vipi. Kilichokosekana kilikuwa maji, na mwali hatolewi kwa ndoo mbili za maji ya mchanga. Siku ikiahirishwa, wageni wa Marui wangesema kwamba nyumba ile imeshindwa, na neno la namna hiyo husafiri kwa miguu yake hata wajukuu wazaliwe.

Mama mkwe wangu hakuwahi kuzungumza nami uso kwa uso tangu siku ya ndoa, kwa sababu ya heshima. Kila alipokuwa na la kuniambia aligeukia ukuta, akajifunika upande wa khanga, akamwambia mtu wa tatu, hata kama nilikuwa nimesimama karibu kuliko huyo wa tatu. Nilipokwenda kumsalimu kiangazi hicho aliuambia ukuta, "Mwambie mumeo, mwanangu, nasikia yeye ndiye serikali ya maji."

"Amesema wewe ndiye serikali ya maji," mke wangu akanitafsiria kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

"Mwambie mama," nilisema, "kabla ya siku ya mwali bomba litatoa maji."

Nilisema hivyo mbele ya shangazi wote wa nyumba. Neno langu lilikuwa limewekwa rehani, na Serikali pamoja nalo.

Mhandisi wetu alikuwa kwenye semina, kama kawaida ya wahandisi wa wakati ule. Kazi ikaniangukia mimi. Mpiga mbizi alikuwa fundi bomba wa idara, Msukuma aliyezaliwa kando ya ziwa, na wa pekee katika wilaya nzima aliyekiri kwa hiari yake kwamba anajua kuogelea. Alifundishwa na wale wataalamu pale Ruvu kwa muda wa kutosha kumpa majivuno. Wa tatu wetu alikuwa dereva wa Landrova, mtu mwema, lakini mwenye imani moja isiyotikisika: kwamba kila kinachosogea lazima kipakwe grisi.

Tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani, mgambo alichungulia nyuma ya gari. "Mmebeba nini, ndugu?"

Mimi husema kweli. "Mitungi, fulana, na mkanda wa risasi."

Sina haja ya kueleza kwa kirefu. Tulikalishwa chini ya jua, mikono kichwani, mpaka mkuu wake alipokuja na kuyagonga yale madonge ya mkanda kwa ufunguo wa baiskeli, akaridhika kwamba risasi hii ni ile ya kutia nyavu uzito na si ya kuua. Mpiga mbizi alinung'unika, "Bwana Vifaa, siku nyingine sema mawe." Nilimjibu kwamba si mawe.

Lamboni tuliukuta umati. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa hotuba, na mama mkwe wangu alikuwa mbele ya wanawake wote, amevaa kandambili mpya za samawati. Kandambili hizo nilikuwa nimempelekea mimi mwenyewe, baada ya foleni ya Kariakoo iliyonigharimu kofia. Alinipa mgongo kwa heshima, kisha akamwona mpiga mbizi akivaa vile viatu vya bata. Alipoambiwa kwamba ni Msukuma, uso wake ulichanua. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na kwa mtani heshima zote husimama kando.

"Mtani!" alisema. "Hata miguu ya kwenu iko hivi?"

"Ya kwetu ndiyo hii, bibi. Ninyi mliishiwa vidole kwa kuchimba mihogo."

"Wewe maji uliyaona wapi? Si mlikuwa mkipeleka ng'ombe wakanywe, ninyi mkibaki ukingoni mnaogopa?"

"Leo utaniona. Nikitoka humu na maji yako, utanipikia wali wa nazi."

"Ukitoka," alisema mama mkwe wangu, na wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Mpiga mbizi akaingia majini, amefungwa kamba kiunoni ambayo mimi na dereva tuliishika. Akabonyeza kitufe mara moja ili ajipime. Nilisikia upepo ukiingia, sss, kama inavyotakiwa. Alizama. Kamba ikateleza mikononi mwetu kwa utaratibu. Kisha ikalegea ghafla, maji yakafura, na mtumishi wa umma akatoka chini kama kizibo, kifua mbele, mpaka kiunoni, akaanguka chali.

Fulana ilikuwa imevimba isivyopata kuvimba, na ilikuwa bado inavimba. Ilimkaba mbavu, ikamfunga mikono ikasimama pande mbili kama ya mtu aliyetandikwa kwenye kamba ya nguo. Macho yalimtoka. Mwili ulimtetemeka. Kutoka katika kinywa chake lilitoka neno moja moja, kwa kuhema, na kwa kuwa mtu aliyebanwa hurudi kwa mama yake, maneno yenyewe yalikuwa ya Kisukuma.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alipiga ukemi. "Amepandisha!"

"Amepandisha! Amepandisha!"

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Kwa wengine naeleza kwamba mtu akiingiwa na pepo na kuanza kutetemeka na kusema lugha asiyotarajiwa kuijua, husemwa amepandisha. Wakati tukimvuta ukingoni, makofi ya ngoma yalikwisha kuanza, na mama mkwe wangu alikuwa ameinama juu yake akimhoji kwa upole, kama inavyofanywa.

"Wewe nani, bwana? Umetoka wapi? Unataka nini? Sema, utapewa."

Mpiga mbizi alijikusanya, akapata Kiswahili chake. "Toeni... upepo!"

"Anasema tutoe pepo! Mwenyewe anataka kutoka!"

"Upepo!" alifoka. "U..." Fulana ikambana tena.

"Leteni ubani," alisema mama mkwe wangu. "Huyu ni wa bara, si mkaidi."

Nilipiga magoti na kuufunga mtungi kwa mkono wangu, nikaivuta kamba ya begani. Upepo ukatoka kwa mluzi mrefu, fulana ikanywea, naye akalegea na kufumba macho. Nakiri kwamba kwa mtazamaji asiyejua ufundi, jambo hilo lilifanana sana na kazi ya mganga hodari. Walinipigia vigelegele. Hapo ndipo uvumi ulipoanzia, na niliweza kuona nyuso zilizoubeba zikiondoka nao kuelekea vijijini.

Kwa utaratibu, chombo cha mkoa kikiharibika, mkoa huarifiwa. Nikaenda Kisarawe, kwenye redio kol ya boma. Nilifikiri vizuri kabla ya kusema. Pampu hupandisha maji. Injini hupandisha joto. Tairi hujazwa upepo. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lisilo safi. Nikashika kipaza sauti.

"Kibaha, Kibaha, hapa Kisarawe. Fulana ya kuelea inapandisha upepo yenyewe. Tunaomba mtaalamu haraka. Ova."

Mkwaruzo. "Kisarawe, rudia. Nani amepandisha? Ova."

"Fulana. Ova."

"Fulana amepandisha nini? Ova."

"Upepo! Ova."

Mkwaruzo mrefu zaidi, na ndani yake nilisikia, kwa mbali, watu wazima wakicheka katika ofisi ya Serikali. "Kisarawe, wanauliza: pepo wa bara au wa pwani? Ova."

"U! U! Herufi ya u kama uji! Upepo, hewa, kama ya baiskeli! Tunaomba mtaalamu! Ova."

Nilisahau kwamba neno mtaalamu nalo, kwa upande wa huku kwetu, watu wengi hulitumia kwa heshima wanapotaka kumtaja mganga. Jibu la mkuu wangu lilikuja kwa sauti yake mwenyewe, na karani wa redio pamoja na polisi wawili waliokuwa wakisubiri zamu walilisikia. "Kisarawe, Serikali haina fungu la pepo. Mtaalamu huyo mtamlipa wenyewe, na kuku msimnunue kwa hati ya ofisi. Mwisho."

Mwisho maana yake ni kwamba mwenzako amekwisha kukiweka kipaza sauti chini. Nilibaki na u yangu mdomoni.

Basi nilirudi Msimbu bila mtaalamu, na siku ya mwali ilikuwa keshokutwa. Niliamua kufanya uchunguzi kama unavyofanywa dhidi ya mtumishi: kuuliza nani aligusa nini, na kwa amri ya nani. Nikaiweka fulana juu ya meza ya shule, nikawaita wote wawili.

"Kitufe hiki cha kuingiza upepo kikibonyezwa, mara nyingine hakirudi," nilisema. "Kinashika. Nani alikigusa kabla ya safari?"

"Mimi, mkuu," alijibu dereva bila aibu yoyote. "Nilikipaka grisi. Kilikuwa kikavu."

"Kwa amri ya nani?"

"Kinasogea, mkuu."

Kumbe ilikuwa hivyo. Grisi ilisafiri katika vumbi jekundu la Kisarawe, vumbi likanasa, na ndani ya tundu la kitufe kukawa na uji mgumu kama ugali wa jana. Kitufe kilikuwa kikishuka na kugoma kupanda. Pepo wote wa fulana walikuwa kijiko kimoja cha grisi.

Tulikisafisha kwa unyoya wa kuku uliochovywa katika mafuta ya taa, ambayo mwenyekiti alitupimia kwa kizibo cha soda huku akisikitika. Kitufe kikawa kinabonyea na kurudi kwa mlio wa kupendeza. Hapo ilitupasa tusimame. Lakini mpiga mbizi, aliyekuwa ameamua kutokupandisha tena mbele za watani, alitaka usafi kamili. Nilipotoka nje kuzungumza na mwenyekiti alichukua mafuta yaliyobaki, akaiosha pia ile valvu ya begani.

Asubuhi yake alizama tena. Safari hii alishuka vizuri, na akaendelea kushuka. Kamba ikaenda, ikaenda, ikasimama. Povu la hewa lilipanda kutoka sehemu moja bila kusogea.

"Vipi, mbona ametulia hivyo?" aliuliza dereva.

Mama mkwe wangu, mkono shavuni, alisogea hadi ukingoni. Baada ya kuyatazama maji kwa muda unaofaa, alianza kulia ule msiba wa utani, kwa sauti ya juu na macho makavu.

"Mtani wangu eee! Umekwenda, na mama yako hatumjui jina! Ng'ombe wako wataogeshwa na nani? Na hivi viatu vya bata ataturithisha nani, jamani?"

"Mimi nachukua kimoja," alisema mwanamke wa nyuma yake.

"Kimoja utakwenda nacho wapi, utaogelea kwa kuzunguka?"

Kamba ikatikiswa mara mbili, ambayo ndiyo ishara ya kuvutwa. Tulivuta hadi viganja vikachubuka. Alitoka mweusi kama chungu, tope hadi kwapani, fulana imemlala mwilini kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa.

"Haikai na upepo," alisema alipopata kinywa. "Nabonyeza, unaingia. Unaingia, unatoka begani. Nikatua topeni kama nguzo."

"Tumekuwa tukikulilia, mtani," mama mkwe wangu alimwambia.

"Nilisikia, bibi. Hata huko chini sauti yako inafika."

Tuliijaza fulana upepo na kuikandamiza ndani ya maji ya ukingoni, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Begani mapovu yalitoka kwa mfululizo, moja baada ya jingine. Nikaifungua valvu. Washa yake, kile kipande cha mpira kinachokaa kati ya kifuniko na tundu, ilikuwa imelewa mafuta ya taa usiku kucha, ikavimba kama andazi na kupasuka. Nilimtazama tu mpiga mbizi, naye akatazama lambo.

Fulana ile iliyowahi kumbana mtu hadi akasahau Kiswahili, sasa haikuweza kushika hata pumzi ya mtoto. Washa ya namna ile haikuwapo Kisarawe, wala Kibaha, wala pengine katika nchi yote. Dereva alivua kiatu chake cha tairi tukakata kipande. Kilikuwa kigumu, upepo ukapita pembeni. Tukajaribu kipande cha tyubu ya baiskeli ya mwenyekiti, kwa ruhusa yake iliyotolewa kwa shida. Kilikuwa chembamba mno. Ulitakiwa mpira mnene, laini, wenye kunywea na kurudi.

Sote watatu, bila kupanga, tukajikuta tunatazama chini, upande mmoja.

Mama mkwe wangu naye akatazama chini, akaona tunachokitazama. Katika kijiji kizima, siku ile, watu walivaa viatu vya tairi au hawakuvaa kitu. Kandambili zilikuwa mbili tu, nazo zilikuwa miguuni mwake, na zilikuwa zimenuiwa kwa ngoma ya kumtoa mwali, mbele ya wageni wa Marui.

Sikuweza kuomba. Mkwe haombi kiatu cha mama mkwe. Sikujua hata nitalitamka vipi neno mguu mbele yake. Niligeuka nikayatazama maji. Humo niliona bomba lililokauka, na mwali, na neno langu nililolisema mbele ya shangazi wote.

"Mtani," hatimaye alisema, akiwa amenipa mgongo. "Muulize mkwe wangu. Nikitoa, maji yatatoka?"

"Mwambie mama," nilisema, "fulana itakaa na upepo. Fulana ikikaa na upepo, huyu ataelea mbele ya wavu bila kuzama topeni. Akielea, atauzibua."

"Imenielea," alisema. Akavua. Akaiweka kandambili chini, akarudi nyuma hatua kadhaa ili niweze kuiokota bila kumkaribia. "Mwambie hiyo ni ya kushoto. Ya kulia ndiyo ninayoanzia ngoma."

Niliandika stakabadhi papo hapo: kandambili moja, mguu wa kushoto, rangi ya samawati, kwa matumizi ya umma. Nikaiweka juu ya jiwe. Aliiokota, akaigeuza, akamwambia mpiga mbizi, "Mwambie karatasi haivaliwi."

Tulikata washa katika kisigino kwa wembe. Ya kwanza iliharibika. Ya pili ilikaa kana kwamba ilizaliwa mle. Tukaijaza fulana, tukaizamisha, tukasubiri. Povu halikutoka hata moja. Dereva alinyoosha kidole kuligusa bega la fulana, na sisi wawili tukapiga kelele kwa pamoja.

Mpiga mbizi akazama mara ya tatu. Hakukuwa na utani. Hata mama mkwe wangu, amesimama na mguu mmoja mtupu, aliikodolea kamba macho. Kamba ilishuka, ikasimama, ikabaki imenyooka kwa utulivu, haipandi wala haishuki, na nikajua kwamba yuko katikati ya maji, mbele ya wavu, anafanya kazi ya Serikali. Kisha chini kabisa kitu kikanguruma. Maji ya juu yakazunguka kidogo kama chai iliyokorogwa.

Alipotoka alikuwa amekumbatia mgono, lile kapu refu la matete la kutegea samaki, lililokuwa limevutwa na bomba hadi likaubana wavu wote. Ndani yake mlikuwa na majani, tope, na kambale mkubwa aliye hai, mwenye hasira za kuzuiliwa bila mashtaka. Aliyeutega alijua kwamba kambale hupenda mdomo wa bomba, akaona serikali ya maji inaweza kuwa pia serikali ya kitoweo.

"Mgono wa nani huu?" niliuliza kwa sauti ya ofisi.

Hakuna aliyeujua. Watu walitazamana kama wageni. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa haujui kuliko wote. Alisema hajapata kuona mgono tangu azaliwe.

"Kama hauna mwenyewe," alisema mpiga mbizi, "basi samaki ni wa mtani." Akamtoa kambale, akaondoka naye. Nilimwona mwenyekiti akimsindikiza kwa macho, si mpiga mbizi, bali kambale.

Kutoka kijijini ukapanda mlio wa debe, halafu mwingine, halafu vigelegele. Bomba lilikuwa linakohoa tope, kisha likatoa maji mekundu, kisha maji. Wanawake wote wakakimbia. Mama mkwe wangu alibaki. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanitazama usoni.

"Baba," alisema, "pepo katoka."

"Mama," nilisema, "ni upepo. Tena haujatoka. Tumeuzuia usitoke."

"Eeh," alisema kwa upole. "Ahsante, baba. Kazi yako nimeiona."

Mwali alitolewa siku ile ile iliyotangazwa. Wageni wa Marui walioga, wakala, na hawakupata la kusema juu ya nyumba ile. Wakakosa la nyumba, wakatafuta la fulana. Ngomani wanawake walitunga wimbo wa fulana ya serikali iliyopandisha lamboni na mkwe aliyeituliza kwa redio. Nilimtuma mke wangu akawasahihishe. Walimsikiliza vizuri. Tangu hapo wakaimba "uuuuu, pepo!", ile u wakiivuta na kuigeuza kigelegele, hata pasiwe na mtu wa kuthibitisha kwamba haimo. Mama mkwe wangu aliongoza mstari, kandambili mguu wa kulia, udongo mguu wa kushoto. Mpiga mbizi alikuwa amekaa penye wali wa nazi na kitoweo cha kambale, akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Fulana ilirudishwa Kibaha ikiwa na washa yake ya samawati, na sikusikia tena kwamba imemsumbua mtu. Kandambili niliidai kwa barua za kawaida. Nilijibiwa kwamba hakuna fungu la viatu vya wakwe. Mwishowe nikapanga foleni tena Kariakoo kwa fedha yangu, nikapata jozi, na kwa kuwa mtu hakuchagua rangi wakati ule, zilikuwa nyekundu. Nilizipeleka Msimbu na kuziweka juu ya mkeka.

Mama mkwe wangu aliigeukia khanga iliyoning'inia ukutani. "Mwambie mumeo, mwanangu, serikali ilichukua ya kushoto."

Akaivaa ile nyekundu ya kushoto pamoja na samawati yake ya kulia, na ndivyo alivyovaa mpaka zikaisha. Nyekundu ya kulia aliifunga katika kitambaa, akaiweka juu ya dari, tayari kwa siku ambayo fulana ya mkwe wake itapandisha tena.